Raia wa Tanzania, mkazi wa Nkuhungu: uraia wa nchi na uraia wa jiji vinakutana wapi?

Ukikaa Dodoma muda mfupi tu utaizoea kauli hii: "Mimi si mtu wa huku, nipo kikazi." Anayeisema ni mtumishi wa wizara aliyehamia pamoja na Serikali. Amejenga Iyumbu, watoto wanasoma hapahapa, na kwenye kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa jina lake limo. Muulize kwao wapi, atakutajia Rombo au Ngara. Upande wa pili yuko mama anayeuza mbogamboga Majengo. Amekwenda kufungua akaunti benki na namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mkononi, akaambiwa arudi na barua ya serikali ya mtaa. Kakasirika kweli. Yeye ni Mtanzania, kazaliwa hapa, barua ya nini tena?

Wote wawili wanababaishwa na jambo lilelile. Kuna uraia wa nchi, na kuna kuwa mtu wa mahali. Sheria imeviweka kwenye mafaili tofauti, lakini midomoni mwetu vinatoka kama kitu kimoja. Oktoba 2024 wapo waliokataa kwenda kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa kwa hoja kwamba "kadi ya kura ninayo". Julai 2025 Serikali ikawazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na vijiweni mazungumzo yakahama haraka kutoka kwa wageni wa nje kwenda kwa "wa kuja", yaani Mtanzania aliyetoka mkoa mwingine.

Tuanze na maneno yenyewe.

Uraia kwa maana ya sheria ni kifungo kati ya mtu na dola. Kwetu unasimamiwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, inayotambua njia tatu za kuupata: kuzaliwa, kurithi kwa mzazi, na tajnisi, yaani mgeni kuomba na kukubaliwa. Mtu mzima hawezi kuwa na uraia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Ukazi ni habari ya unapolala: mtaa, kata, halmashauri. Huo unabadilika siku unapopakia godoro kwenye Canter na kuhama. Halafu kuna jambo la tatu, lisilo na cheti wala kadi, ambalo wanaochunguza maisha ya mijini huliita uraia wa jiji: mkazi kuwa na haki, wajibu na sauti pale anapoishi kwa sababu tu anaishi pale. Ndani yake mna kupata maji, kuwa na pa kuuzia bidhaa bila kukimbizwa, kuulizwa kabla barabara haijapita uani kwako, kulipia taka na kujua hela imekwenda wapi.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Kila mpangaji ana ukoo wake, na ukoo huo hauulizwi zamu ya kufagia uwanja inapofika wala hela ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, inapochangwa. Unachanga kwa kuwa unalala hapo, na kwa kuwa unachanga, una haki ya kufoka jirani anapochemsha maharage kwa jiko la umeme usiku kucha. Siku ukifa, wapangaji wenzako watalia na kuchangia sanda, ila mirathi ni ya ukoo. Uraia wa nchi ni huo ukoo. Uraia wa jiji ni maisha ya hiyo nyumba.

Sasa rudi kwenye barua inayomkera mama wa Majengo. Mtanzania yeyote aliyewahi kuomba pasipoti, kumwekea ndugu dhamana au kuomba mkopo anaifahamu. Unafika ofisi ya mtaa, mara nyingi chumba kimoja chenye meza, benchi na kalenda ya mwaka uliopita. Mtendaji anakuuliza mjumbe wako nani, anakupekua kwenye kaunta buku la wakazi, halafu anaandika: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Namtambulisha kwako ndugu huyu ambaye ni mkazi wa mtaa wangu…" Anagonga muhuri, anasaini, unaondoka.

Isome tena barua hiyo. Haisemi popote kwamba wewe ni raia. Inasema unaishi hapa na tunakufahamu. Benki inajua tayari wewe ni nani kwa namba ya NIDA. Inachotaka kujua ni wapi pa kukukuta mkopo ukiota mbawa. Kwa maneno mengine, karatasi moja inajibu swali la "wewe ni wa nani?" na nyingine inajibu "unapatikana wapi?" Kitambulisho cha NIDA chenyewe si ushahidi wa uraia kwa kila anayekibeba, kwa sababu mamlaka hiyo huwasajili pia wageni wakaazi na wakimbizi na kuwapa vitambulisho vya kundi lao. Namba ya NIDA na uraia ni vitu viwili, hata kama wengi wetu tunavyo vyote.

Na kwa kuwa mjumbe ametajwa, tumalize hilo: balozi au mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la CCM. Enzi za chama kimoja ilikuwa vigumu kuona chama kinapoishia na Serikali inapoanzia, na mazoea yamebaki hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Viongozi wa mtaa kwa mujibu wa sheria ni mwenyekiti na wajumbe wa kamati, wanaochaguliwa, pamoja na mtendaji, ambaye ni mwajiriwa. Juu yao kuna kata yenye diwani wa kuchaguliwa, kisha baraza la madiwani linalomchagua meya. Mkurugenzi wa jiji huteuliwa na Rais. Ukitaka kulalamikia dampo, ni vizuri ujue unamwendea nani kati ya hao.

Daftari mbili, kura mbili

Hapa ndipo watu walipoteleza mwaka 2024. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na hutumika kumchagua Rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji uliofanyika tarehe 27 Novemba 2024 uliendeshwa na TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia serikali za mitaa, na ulikuwa na orodha yake ya wapiga kura iliyoandikwa upya mtaa kwa mtaa mwezi Oktoba. Kadi ya kura haikuwa na kazi hapo. Ulitakiwa uwe raia, umetimiza miaka 18, na uwe mkazi wa mtaa ule.

Masharti hayo matatu ndiyo kiini cha mada yote. Uraia peke yake haukutoshi, kwa sababu raia wa Tanzania anayeishi Kizota hamchagui mwenyekiti wa Nzuguni. Ukazi peke yake nao haukutoshi, kwa sababu daktari wa kigeni aliyekaa Kizota miaka 15 hapigi kura. Ni lazima vikutane kwa mtu mmoja.

Ulikozaliwa hakumo kwenye masharti hayo. Siku hiyo ya Novemba Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, alipiga kura Chamwino, mkoani Dodoma. Mtangulizi wake John Magufuli, mtu wa Chato, naye alipiga kura Chamwino katika uchaguzi mkuu wa 2020. Hakuna Mgogo aliyelazimika kuwapisha. Katiba, ibara ya 17, inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano, na ukishaishi mahali, unahesabiwa hapo. Kujua kuitikia "mbukwenyi" ni heshima kwa wenyeji na kutakupatia marafiki, lakini hakumwongezei mtu haki hata moja, na kutokujua hakumpunguzii.

Kwa hiyo yule bwana wa Iyumbu anapojiita mpita njia, anajinyima mwenyewe. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma na watu 410,956. Ya 2022 ikalikuta Jiji la Dodoma na watu 765,179. Mji unaokaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka kumi umejaa watu wa kuja, na ikiwa kila mmoja wao anasubiri kwenda kupiga kura ya kwao, jiji hili linabaki na wapangaji wengi na wasimamizi wachache. Binafsi naona hili ni tatizo kubwa kuliko hata ubovu wa mitaro.

Mwenye nyumba alipokuwa CDA

Dodoma ina historia inayoonyesha vizuri kwamba unaweza kuwa raia kamili, tena mwenyeji wa asili, na bado ukakosa uraia wa jiji.

Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Ardhi ya mji ikawa mikononi mwake. Pembeni yake kulikuwa na manispaa yenye madiwani waliochaguliwa na wananchi, lakini mambo ya viwanja, mipango na ramani yalikuwa ya CDA, chombo ambacho wakuu wake hawakuomba kura kwa mtu. Familia za Wagogo zilizolima mtama na kufuga kwa vizazi zilijikuta mashamba yao yamekuwa "eneo la mpango". Migogoro ya fidia ikawa wimbo wa kila siku. Hata aliyepata kiwanja kihalali alipewa umiliki wa miaka 33, wakati miji mingine watu walikuwa wakipewa miaka 99.

Jiulize, mzee wa Ntyuka aliyelalamikia shamba lake mwaka 1995 alikosa nini? Uraia alikuwa nao. Ukazi alikuwa nao kuliko yeyote. Alichokosa ni kiongozi wa kumnyima kura kwa uamuzi ule. Diwani angemsikiliza na kumwambia kwamba suala la ardhi si lake, na aliyekuwa na suala la ardhi hakuwa na haja ya kura yake.

Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA na kazi zake zikaenda manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Simaanishi kwamba migogoro ya ardhi ilikwisha siku hiyo, haikwisha. Lakini mkazi mwenye malalamiko ya kiwanja leo ana baraza la madiwani la kulibana, na hilo ni badiliko la uraia wa jiji ambalo halikugusa hata neno moja la Sheria ya Uraia.

Mfano wa Dar es Salaam ni mkali zaidi. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria iliyozaa operesheni ya Nguvu Kazi. Aliyekutwa mjini bila kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa, kupakiwa na kupelekwa kijijini au shambani. Waliosombwa walikuwa Watanzania, waliofukuzwa na dola yao wenyewe kutoka mji wa nchi yao wenyewe. Uraia wa nchi haukuwakinga. Waingereza nao walikuwa na sheria za kuwaondoa mijini Waafrika wasio na ajira, kwa hiyo fikra kwamba mjini ni kwa wenye kibali tuliirithi, tukaifanya yetu.

Kuna pia kisa cha kinyumenyume, na kimetokea Tabora na Katavi. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 walikaa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miongo mitatu. Serikali ilikubali kuwapa uraia wapatao 162,000, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa mkupuo. Lakini mpango wa awali uliwataka wahame makazi hayo na kutawanywa mikoa mingine, na vyeti vikakwama kwa miaka. Yaani ukubaliwe kuwa Mtanzania, halafu uambiwe usiwe mtu wa pale unapolima mihogo tangu utoto. Mwaka 2014 vyeti vilitolewa na sharti la kuhama likalegezwa. Leo hao ni raia kama wewe. Kiti cha Rais na cha Makamu wa Rais ndivyo Katiba imeviweka kwa raia wa kuzaliwa.

Wengine wanafanyaje

Uswisi wameenda kinyume chetu: uraia wao huanzia kwenye mji au kijiji. Mswisi ni raia wa wilaya yake ndogo, wa jimbo lake na wa nchi, vyote kwa pamoja, na pasipoti yake huandikwa mji wa asili ya ukoo, hata kama hajawahi kulala huko usiku mmoja. Umoja wa Ulaya, kwa Mkataba wa Maastricht wa 1992, ulimruhusu raia wa nchi mwanachama anayeishi nchi mwanachama nyingine kupiga kura na kugombea katika chaguzi za miji. Mreno anayeishi Paris anashiriki kuchagua baraza la jiji, ila Rais wa Ufaransa hamhusu.

New York walijaribu kwenda mbali zaidi. Tangu 2015 jiji hilo hutoa kitambulisho chake kwa kila mkazi, awe na vibali vya uhamiaji au asiwe navyo. Mwishoni mwa 2021 baraza la jiji likapitisha sheria ya kuwaruhusu wakazi wasio raia lakini wenye vibali halali wapige kura za jiji. Mwaka 2025 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaifuta kwa kuwa katiba ya jimbo inataja raia. Kitambulisho kimebaki.

China wao wana mfumo wa usajili wa kaya ulioanza 1958, unaoitwa hukou. Mchina aliyesajiliwa kijijini akahamia jijini kufanya kazi kiwandani anaweza kukaa huko miaka mingi huku shule ya watoto na matibabu ya nafuu vikibaki kule alikosajiliwa. Raia wa nchi asilimia mia, mgeni jijini. Ukiifahamu hukou, ile barua ya mtendaji inaanza kuonekana tamu, kwa sababu kwetu unahama leo na kesho unaandikishwa.

Hata ndani ya Muungano wetu hali si moja. Uraia ni mmoja, wa Jamhuri ya Muungano, lakini kuna hadhi ya Mzanzibari yenye sheria yake, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Mtu wa Kondoa anakwenda Unguja bila pasipoti, anafanya kazi na anaoa huko, lakini kumchagua Rais wa Zanzibar kunahitaji awe Mzanzibari. Huku Bara hakuna hadhi ya Mdodoma wala Mwanza-mkaazi. Ni vema ibaki hivyo.

Marufuku ya biashara inamgusa nani

Agizo la Julai 2025 linataja wasio raia. Miongoni mwa biashara zilizofungwa kwao ni uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, uongozaji watalii, saluni nje ya hoteli na shughuli za utalii, na ununuzi wa mazao shambani. Leseni nyingi za aina hiyo hutolewa na halmashauri, ndiyo maana watu hudhani ni suala la jiji kuchagua wakazi wake. Hapana. Jiji linatekeleza mpaka uliochorwa na nchi. Msukuma mwenye banda la simu soko la Machinga hahusiki hata chembe, na Mtanzania mwenye asili ya India au Somalia hahusiki pia. Jina, rangi na lafudhi havimo kwenye Sheria ya Uraia. Ukimwita mwenzako mgeni kwa sababu jina lake halisikiki la hapa, umetunga sheria yako.

Ardhi ndiyo sehemu nyingine ambako nchi inaingia moja kwa moja kwenye mambo ya jiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa hiyo mtaani kwako mgeni anaweza kupanga, akalipa taka, akachota maji foleni moja na wewe, lakini hawezi kununua kiwanja cha kujenga kibanda chake.

Kodi haina ubaguzi huo. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, hivyo anayeingiza tokeni ndiye anayeitoa, awe mwenye nyumba, mpangaji, au mhandisi wa Kituruki aliyekuja kujenga reli ya kisasa. Na kwenye sauti pia kuna mwanya mdogo ambao wengi hawaujui. Sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za wilaya, ya mwaka 1982, inapoeleza mkutano mkuu wa kijiji, inasema ni wa kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyefikia umri wa miaka 18. Imetaja ukazi na umri, basi. Kwenye kura, mlango wa asiye raia umefungwa. Kwenye mkutano wa kijiji unaojadili kisima kilichoharibika, sheria imeanza na swali la nani anakunywa maji ya pale.

Na ikiwa mgeni huyo atataka kuingia kwenye ukoo wenyewe, ukazi ndio utakaomfungulia njia. Tajnisi inadai awe amekaa nchini miaka ya kutosha, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na atangaze nia yake gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani. Lakini swali la mwenendo wake haliwezi kujibiwa na mtu wa wizarani asiyemfahamu. Litajibiwa na wanaoishi naye.